Unga Uliochanganywa: Kusaga, Kufungasha na Kutaja Viambato Kitale na Bungoma

Historia ya chakula cha Trans Nzoia na Bungoma huandikwa mara nyingi kama historia ya mahindi, kuanzia kuchaguliwa kwa mbegu hadi misururu ya matrekta mbele ya maghala ya serikali, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa zao hilo ndilo lililoipa sehemu hii sifa ya kulilisha taifa. Upo hata hivyo upande ambao haujashughulikiwa sana, nao ni historia ya kuchanganya: nani aliyechanganya nafaka na mbegu zenye mafuta, alizichanganyia wapi, na mlaji alijuaje kilichomo ndani ya unga. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo kwa mtu anayekula kila kitu, lakini kwa mwenye mzio wa chakula ni suala la uhai. Mzio ni hali ambayo kinga ya mwili huichukulia protini ya chakula fulani kuwa adui na kuishambulia, na matokeo yake huanzia kwenye muwasho na uvimbe wa midomo, yakafika hadi kushindwa kupumua na kuporomoka kwa shinikizo la damu. Protini inayoamsha mashambulizi hayo huitwa kizio, na vizio vinavyotajwa zaidi duniani, kama vile karanga, soya, ngano, maziwa, mayai na samaki, vinajumuisha vile ambavyo wasagaji na wafungashaji wa magharibi mwa Kenya wamezoea kuvitia katika unga wa uji ili uwe na lishe.

Kabla ya reli, nafaka kuu ya Wabukusu, mojawapo ya jamii za Waluhya, na majirani wao ilikuwa wimbi, ambalo lilisongwa ugali, likapikwa uji na likachachuliwa kuwa busaa. Kando yake palikuwa na mtama, kunde, njugu mawe na simsim. Kusaga ilikuwa kazi ya wanawake, ambao walipiga magoti mbele ya jiwe pana lililoinama kidogo na kusukuma jiwe dogo mbele na nyuma, unga ukidondokea kwenye ungo. Aliyesaga ndiye aliyepika, na mara nyingi ndiye aliyepanda na kuvuna, kwa hiyo swali la kilichomo ndani ya unga halikuhitaji kuulizwa nje ya ua. Zilikuwepo pia kanuni za kutokula: miongoni mwa Waluhya wengi wanawake walikatazwa kuku, na kila ukoo ulikuwa na miiko yake. Miiko hiyo haikutungwa kwa sababu ya mzio, na mwanahistoria anayetaka kuifanya kuwa utabibu wa kale atakuwa anaibebesha mzigo usio wake. Ilichofanya ni kumzoesha mwenyeji kutarajia kwamba mgeni anaweza kuwa na chakula asichokigusa, na kwamba kumwambia mgeni kilichotiwa katika mboga ni sehemu ya ukarimu. Hata katika Ulaya ya wakati huo dhana yenyewe ilikuwa changa, kwani daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alilitunga neno la kitabibu la mzio mwaka 1906, miaka minne baada ya Charles Richet na Paul Portier wa Ufaransa kueleza namna mwili unavyoweza kuangushwa na kiasi kidogo cha protini ambayo uliwahi kukutana nayo.

Mkoloni na mlowezi walikuja na aina nyingine ya chakula, yaani chakula cha kugawiwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawanywa kuwa mashamba makubwa ya Wazungu, na njia ya reli iliyochepuka kutoka Leseru, karibu na Eldoret, ilifika Kitale mwaka 1926, wakati reli kuu ya kuelekea Uganda ikiendelea kupita Bungoma hadi mpakani. Vibarua wa mashamba hayo walipewa posho, yaani mgawo wa chakula uliohesabiwa kuwa sehemu ya ujira, na kiwango kilichozoeleka nchini kilikuwa ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku. Mgawo huo ulihitaji mashine za kusaga kwa wingi. Kampuni ya Unga, iliyoanzishwa mwaka 1908 kwa juhudi za Lord Delamere, ilisaga ngano na mahindi kwa soko la miji, ilhali mashambani na kwenye vituo vya biashara vilitokea vinu vidogo vya maji na baadaye vya dizeli, ambavyo watu wakaviita kwa jina la kile vilichosaga, na hadi leo kinu cha kijijini Kenya ni mashine ya posho. Waafrika wa nchi ya Waluhya walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kumiliki vinu vya maji, na kwa mwanamke aliyekuwa akisaga kwa jiwe kabla ya alfajiri, kinu hicho kilikuwa nafuu ambayo hakuna hoja ya kuienzi mila ingeweza kuipinga.

Mashine ya posho inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana ndani yake ndimo jambo zima lilipo. Nafaka humiminwa katika faneli ya bati iliyo juu, ikashuka kwenye chumba cha chuma ambamo nyundo ndogo zilizofungwa kwenye mhimili huzunguka kwa kasi na kuipondaponda hadi ipenye kwenye chujio, kisha unga ukasukumwa na upepo hadi kwenye mfuko mrefu wa kitambaa ambao mwenye mashine huukung'uta kwa kiganja ili mteja apate haki yake. Mfuko huo hauishi unga. Pembeni mwa chumba, katika matundu ya chujio na katika mikunjo ya kitambaa, daima hubaki kiasi cha unga wa mteja aliyetangulia, na kila aliyewahi kupanga foleni sokoni Chwele au Kitale siku ya soko anajua kwamba mwenye mahindi meupe hapendi kumfuata mwenye wimbi na omena, yaani dagaa wa ziwani, kwa kuwa unga wake utatoka na madoa ya kahawia na harufu ya ziwa. Wasagaji wana dawa yao, ambayo ni kupitisha konzi chache za mahindi ili kuisafisha mashine, na unga huo wa kwanza huwekwa kando kwa ajili ya kuku. Dawa hiyo inatosha kwa macho na pua, ila haijatengenezwa kwa ajili ya kinga ya mwili: wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani wamependekeza miligramu 2 za protini ya karanga kuwa kiwango cha marejeo, yaani kiasi ambacho chini yake walio wengi sana kati ya wenye mzio huo hawatapata dalili, na punje moja tu ya karanga ina protini inayozidi kiasi hicho mara kadhaa kumi.

Kwa muda mrefu hatari hiyo ilibanwa na sababu ambayo haikuhusiana na afya. Karanga na simsim zina mafuta, na mbegu yenye mafuta ikisagwa peke yake huziba chujio, kwa hiyo mwenye mashine aliikataa au aliikubali tu ikiwa imekaangwa na kuchanganywa na nafaka kavu. Karanga za kutiwa katika mboga zilipondwa nyumbani kwa kinu na mchi. Zaidi ya hayo, kilichosagwa kwa wingi kilikuwa mahindi. Sheria za kudhibiti mahindi zilizoletwa mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zilianza kipindi cha miongo mitano ambamo serikali ilisimamia bei na usafirishaji wa zao hilo kutoka wilaya moja hadi nyingine. Utafiti wa mbegu ulioanzishwa Kitale mwaka 1955 chini ya Michael Harrison, pamoja na Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliyoundwa mjini humo mwaka 1956, ulizaa mwaka 1964 mbegu chotara H611, iliyotokana na kuizalisha mbegu ya Kitale na mahindi ya nyanda za juu za Ekuador, na kutoka hapo wimbi lilisukumwa pembezoni hata katika mashamba madogo ya Bungoma. Unga ukawa mweupe na wa nafaka moja, jambo ambalo wataalamu wa lishe walililaumu kwa haki, ingawa kwa mwenye mzio wa karanga au wa samaki pengine haujapata kuwapo wakati ambao unga wa dukani ulimfaa zaidi.

Mchanganyiko ulirudi kwa mlango wa lishe. Mwaka 1966 Marekani ilianza kupeleka katika nchi zenye njaa unga wa msaada uliochanganya mahindi, soya na maziwa, na kwa miongo iliyofuata unga wa namna hiyo, pamoja na ule wa mahindi na soya ambao Wakenya waliuzoea kwa jina la Unimix, uligawiwa katika kliniki, shule na vituo vya msaada. Kina mama walijifunza kutoka kwa wauguzi kwamba uji wa mtoto unaohitaji kunenepa unapaswa kuwa na nafaka, jamii ya kunde na kitoweo kidogo cha mnyama, nao wakaitafsiri kanuni hiyo kwa vilivyokuwapo sokoni: wimbi, mtama, muhogo mkavu, soya iliyokaangwa, njugu karanga, simsim na omena zilizokaushwa. Soya yenyewe ilipata msukumo mpya mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale watafiti wa rutuba ya udongo walipoihimiza magharibi mwa Kenya, Bungoma ikiwa mojawapo ya maeneo hayo, kwa kuwa huurudishia udongo naitrojeni na pia huuzwa. Udhibiti wa bei za mahindi na unga ulipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1993, mashine za posho zilifunguliwa kila kona ya nchi, na wenye mashine wengi wakagundua kwamba faida haiko katika kumsagia mteja mahindi yake, bali katika kumchanganyia, kumsagia na kumuuzia unga wa uji uliokwisha kufungwa katika mfuko wa nailoni wa kilo moja au mbili. Hapo ndipo aliyechanganya na aliyekula walipoachana kabisa, pengine kwa mara ya kwanza katika historia ya sehemu hii.

Ni vyema kusimama kidogo hapa, kwa sababu mchanganyiko huo huo umekuja kutetewa na sayansi kutoka upande usiotarajiwa. Madaktari wa Uingereza walishauri mwaka 1998, na wenzao wa Marekani mwaka 2000, kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasionjeshwe karanga kabla ya kufika umri wa miaka 3, lakini utafiti uliosimamiwa na Gideon Lack mjini London na kuchapishwa mwaka 2015, ambao ulifuatilia watoto wachanga 640, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio huo kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Mama wa Kimilili aliyemlisha mwanawe uji wenye karanga alipokuwa akianza kula hakuwa na habari za mjadala huo, na haielekei kwamba angebadilisha chochote katika uji huo. Utafiti uliofanywa Ghana umeongeza utata mwingine, kwa kuwa ulikuta watoto wengi ambao damu yao ilionyesha dalili za kuitambua karanga kama kizio ilhali waliila bila kudhurika, na hali hiyo ikahusishwa na minyoo ya kichocho, ambayo huamsha kinga ya mwili kwa njia inayofanana. Kwa hiyo si sahihi kuhamishia Bungoma takwimu za mzio zilizopatikana London au Chicago, wala si sahihi kudai, kama baadhi ya watu wanavyodai, kwamba mzio ni maradhi ya Wazungu. Mtoto anayevimba uso baada ya kula samaki hana haja ya takwimu ili avimbe.

Sheria ilifuata nyuma, na ilifuata ikiwa na hofu nyingine. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 ilihangaikia uchafu na maradhi ya kuambukiza. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, sura ya 254, iliyopitishwa mwaka 1965, ilihangaikia udanganyifu, yaani muuzaji anayetia maji katika maziwa au kuuza kitu kwa jina lisilo lake. Na kanuni za mwaka 1978 zilizotungwa chini yake zilieleza namna lebo inavyopaswa kuandikwa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake KEBS, liliundwa mwaka 1974 na likaanza kuweka viwango vya bidhaa zinazofungashwa. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, ambayo hutokana na kuvu kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na tangu hapo unga umepimwa zaidi kwa jicho la sumu hiyo, kisha mwaka 2012 serikali ikawalazimisha wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano. Kila hatua ilikuwa ya lazima, ila hakuna hata moja iliyomlenga mtu ambaye hudhurika na chakula kilicho safi, halisi na cha kipimo kamili.

Wazo la kumlinda mtu huyo lilipitia Codex, ambayo ni tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963. Kiwango chake cha lebo cha mwaka 1985 kilitaka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache, na mwaka 1999 kikaongezewa orodha ya vyakula ambavyo ilikuwa lazima vitajwe daima hata vikiwa kidogo: nafaka zenye gluteni, yaani protini ya ngano na jamaa zake, samaki wa magamba kama kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa na njugu za miti kama korosho na lozi. Kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kuhusu lebo, kinachotambulika kwa namba EAS 38, kimejengwa juu ya msingi huo, hivyo mfuko wa unga wa uji unaotengenezwa Kitale na kupelekwa Bungoma au Mbale unapaswa kutaja soya, karanga na omena kwa majina yake. Mfuko uliosajiliwa hufanya hivyo kwa kawaida. Tatizo liko kwenye mifuko iliyoandikwa tu kwamba ni unga wa lishe au wa nafaka saba, maneno yanayosifu bila kutaja, na kwenye unga unaopimwa kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, kutoka kwenye gunia lililo wazi, ambao hauna lebo kwa kuwa haujafungashwa. Kanuni ya lebo humlinda mnunuzi wa pakiti, na mnunuzi wa gorogoro imemwachia mdomo wake mwenyewe: aulize, na atumaini kwamba muuzaji anakumbuka.

Hata mnunuzi wa pakiti hana usalama kamili. Katika maduka makubwa ya Kitale na Bungoma, mahali ambapo hapo awali paliuzwa biskuti na kashata za karanga, siku hizi pana pia vipande vya protini, yaani vyakula vya kutafuna vilivyoshinikizwa kwa umbo la mche mfupi na kufungwa mmoja mmoja kwa ajili ya wanaofanya mazoezi au wasio na wakati wa kuketi mezani. Kwa muundo wake kipande cha protini si kigeni kama kinavyoonekana. Kinakaribiana na kashata, na zaidi kinakaribiana na ile siagi ya karanga ya tiba iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996 na André Briend pamoja na Michel Lescanne, ambayo pakiti yake ya gramu 92 ina kalori 500 na hutumika katika kliniki nyingi za Kenya kuwaokoa watoto waliokonda, nayo ni karanga, sukari, mafuta na unga wa maziwa. Tofauti ni kwamba pakiti ya kliniki hutolewa na mhudumu anayemtazama mtoto akila, ilhali kipande cha dukani mnunuzi hukutana nacho peke yake, na ndani yake vizio vinne au vitano hujificha katika majina yasiyo ya jikoni: protini ya maji yanayobaki baada ya kutengenezwa jibini, ambayo ni maziwa, lesithini, ambayo mara nyingi hutoka katika soya, na rojo la ufuta, ambao ni simsim.

Kinachomkanganya zaidi mnunuzi ni kwamba rafu moja hubeba sheria za nchi kadhaa. Kipande kilichotengenezwa Ulaya kimeandikwa kwa kufuata orodha ya vizio 14, cha Marekani kwa orodha ya vizio 9, na cha Nairobi kwa orodha ya Afrika Mashariki, na lebo nyingi kati ya hizo ni za Kiingereza kitupu. Maneno yanayosema kwamba bidhaa huenda ikawa na chembe za karanga, ambayo wengi huyasoma kama kiapo cha kisheria, katika nchi nyingi ni hiari ya mwenye kiwanda, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba mtambo uliotumika haukupitisha karanga asubuhi ile. Ni mfuko wa mashine ya posho ule ule, isipokuwa umefungiwa mahali ambapo mteja hauoni. Alama ya ubora ya KEBS nayo huthibitisha kwamba bidhaa ina kibali, na mtu anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa namba 20023, lakini kibali si ahadi ya kutokuwapo kwa kizio fulani. Mwenye mzio hubaki na kazi ya kusoma orodha yote hadi neno la mwisho, tena kila anaponunua, kwa sababu viwanda hubadilisha viambato bila kubadilisha karatasi ya nje.

Simsim, ambayo kwa Mbukusu ni ya zamani kuliko mahindi, ni miongoni mwa vizio vilivyochelewa kutambuliwa katika sheria hizi. Ulaya iliiweka katika orodha yake mwaka 2003. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyoanza kutumika Januari 2023, na hapo likatokea jambo ambalo watunga sheria hawakulitarajia, kwani baadhi ya wenye viwanda vya mikate, badala ya kusafisha mitambo yao, waliamua kutia simsim kidogo kwa makusudi na kuitaja. Codex nayo iliongeza simsim katika orodha yake ya dunia Novemba 2024, na katika marekebisho hayo hayo soya ikatolewa katika vizio vya lazima kwa kila nchi na kuachiwa serikali ziamue kulingana na hali zao. Uamuzi huo unaiangukia Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Katika unga wa uji wa Kitale na Bungoma soya ni kiambato cha kila siku, na nchi zitakapoupitia upya waraka wa EAS 38 zitalazimika kuamua kama zitaendelea kuidai itajwe au zitaiacha. Na vyovyote zitakavyoamua, mashine za posho za Chwele, ambazo husaga soya na simsim katika chumba kile kile kinachosaga mahindi ya mtoto wa jirani, zitaendelea kubaki nje ya waraka huo.